Mashine Iliyotunzwa Vizuri

Siku ziwa lilipozifikia nguzo za goli la chini, katibu wa klabu, Bwana Okinyi, alimwita Zadock Ondiek akamwambia aisafishe mashine ya kutoboa nyasi na kuiweka stoo mpaka maji yarudi nyuma. Hakusema yatarudi lini, na Zadock hakuuliza. Alikuwa ametunza kiwanja kile cha hoki tangu ujana wake, kabla hajaoa, na alijua kwamba kila kazi ya kiwanja ina msimu wake: msimu wa kukata, wa kumwaga mchanga, wa kutoboa. Akadhani na huu ni msimu, ila hajawahi kuuona.

Kiwanja kilikuwa upande wa ziwani wa mji wa Kisumu, penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Wachezaji wakiukanyaga mwaka mzima, udongo ule unashindiliwa ukawa kama sakafu. Mizizi inakosa pumzi, nyasi zinageuka njano. Ndiyo maana klabu, ilipokuwa na neema yake, ilinunua mashine yenye pipa zito la chuma lililojaa meno yaliyo wazi katikati kama mirija. Kila jino linaingia ardhini na kuchomoa kipande cha udongo kinachotoshana na kidole, linaacha tundu. Hewa inapita, maji yanapita, na baada ya wiki chache kiwanja kinarudi kijani. Wafanyakazi waliiita Nungu kwa ajili ya yale meno. Walioigusa walikuwa wawili tu, Zadock na mwenzake Wakhungu, Mbukusu wa Bungoma, mtu mrefu asiye na maneno mengi.

Waliifanya kazi ile ya kuhifadhi kama watu wanaoosha maiti ya mtu waliyempenda, ingawa wakati huo hakuna aliyewaza habari za kifo. Walikwangua udongo ndani ya kila jino kwa bisibisi kuukuu, wakaosha, wakaacha jua likaushe, kisha wakapaka oili chafu ili kutu isipate pa kushika. Wakhungu alipiga girisi kwenye beringi mpaka ikafurika pembeni, akailainisha cheni. Zadock alimwaga petroli yote, akaiacha injini ingurume mpaka ikazima yenyewe kwa njaa, maana petroli ikilala ndani ya kabureta inageuka gundi. Akabadilisha oili. Akafungua plagi, akadondosha oili kidogo kwenye silinda, akavuta kamba taratibu ili chuma cha ndani nacho kipate kujipaka, akairudisha plagi mahali pake. Mwishoni wakaiinua juu ya mawe ili magurudumu yasikae na uzito, wakaifunika kwa turubai lililoachwa wazi chini, kwa sababu mashine iliyofungwa kabisa hutoka jasho.

“Ikiamka itadhani ililala jana tu,” Wakhungu alisema, na wakafunga mlango.

Ziwa halikurudi. Lilipanda polepole, bila kishindo, likaja na magugu maji yake na harufu yake. Viboko wakaanza kulala kwenye goli la chini na kula nyasi ambazo Zadock alizipanda kwa mikono. Nyumba ya kupanga aliyokaa na mkewe, Dorca Nangila, ilikuwa karibu na ufuko, na maji yakaingia kwanza jikoni, halafu chini ya kitanda. Dorca alikuwa mtu wa Port Victoria, huko Busia, na kwa kuwa yeye alikuwa Mluhya na mume wake Mjaluo, lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili, cha kwao wenyewe, kisichojali sana sarufi. Alipoona vyombo vinaelea hakulia. Alifunga mizigo, akasema waende Asembo, kwenye boma alilorithi Zadock kwa baba yake, penye nyumba ya udongo ambayo ingawa imezeeka bado ilikuwa na mabati.

Zadock alimsindikiza hadi Asembo, akakaa naye siku chache, kisha akarudi Kisumu. Alimweleza kwamba klabu bado inamhitaji, kwamba maji yakitoka kiwanja kitataka mtu anayekijua. Akamkumbusha habari alizozipata kwa marehemu baba yake: miaka ya Uhuru ziwa lilipanda hivi hivi, likameza mashamba ya watu, baadaye likashuka.

“Baba Rachael,” Dorca alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao, “ile shamba ya babu yako, ile ilimezwa na maji wakati huo, iko wapi leo?”

Zadock alijua iko wapi. Iko chini ya ziwa mpaka leo, na wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa, hupita juu yake. Lakini alisema mambo ya zamani ni ya zamani, akachukua begi lake.

Akahamia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha klabu, ambacho kilikuwa mahali palipoinuka, jirani na stoo. Wanachama waliacha kuja. Wazee walihamia viwanja vya juu ya mji na vijana wakasahau hoki. Wakhungu alivumilia kitambo, kisha akamwambia kwamba anarudi Bungoma kulima mahindi. Hakumshawishi wafuatane, alimshika mkono tu, akaushika kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Tangu hapo Zadock alibaki na mashine peke yake. Kila mara alifunua turubai, akafukuza panya waliotaka kuzaa ndani ya chujio la hewa, akavuta kamba mara mbili tatu ili silinda isikauke, akapangusa meno na kuyapaka oili upya. Maji yalipokaribia mlango wa stoo, alitafuta vibarua wakamsaidia kuihamishia kwenye veranda ya jengo la klabu, palipoinuka kuliko stoo, akaijengea ukuta wa mabati machakavu. Mtu angemwona angedhani anafuga ng'ombe wa maziwa.

Kuna jioni alizoketi pale akijiuliza anafanya nini. Jibu lilikuwa lilelile. Akiondoka, hakuna atakayevuta ile kamba, na injini itashika kutu; na maji yakirudi na mashine imekufa, basi kiwanja kimekufa. Hesabu hiyo ilimridhisha. Hakuipeleka mbele zaidi ya hapo.

Ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Ziwa likajivuta nyuma kidogo, na nusu ya juu ya kiwanja ikatokeza, ya kijivu na yenye nyufa. Zadock aliitembea kwa miguu mitupu kama anayekagua shamba alilorudishiwa na mahakama. Alimpigia Okinyi simu. Katibu alikuja, akasimama akiangalia, akakiri kwamba hajaona ardhi ile kwa muda mrefu. Zadock akaomba ruhusa ya kuitoa mashine. Alisema udongo umeshindiliwa na uzito wa maji, kwamba ukitobolewa na kuwekwa mchanga na mbegu mpya, mvua za masika zitakuta kitu cha kunyeshea. Okinyi alikubali. Hata alitabasamu. Alisema kamati ikiona kijani hata kipande kidogo, huenda ikapata moyo wa kuandaa mashindano.

Siku ileile Dorca alipiga simu kutoka Asembo. Alisema ukuta wa upande wa mvua umepata ufa unaoingiza mkono, na boriti ya paa imeliwa na mchwa. Alimwomba aje kabla ya masika. Alikuwa ameshazungumza na fundi, lakini fundi alitaka mwenye boma awepo, maana nyumba ya mtu haifunguliwi paa bila mwenyewe. Zadock alimwahidi kwamba atakuja akimaliza kutoboa kiwanja.

“Hiyo kiwanja haina mvua inaingia kwa kichwa ya mtu,” Dorca alisema. Kisha akasema sawa, atangoja.

Zadock alitia petroli mpya, akasafisha plagi, akaomba Mungu kimya kimya. Injini ilishika kwa mvuto wa kwanza. Zadock aliisikia sauti ile ikipiga kwenye kuta za jengo tupu, na kwa kitambo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa Kisumu. Aliisukuma mpaka kona ya juu, akalishusha pipa, akaanza kutembea nyuma yake. Meno yaliingia ardhini vizuri sana, kirahisi kuliko alivyotegemea. Alienda mpaka mwisho wa mstari, akageuza, ndipo akaangalia alikotoka.

Vile vipande vya udongo vilivyolala juu ya ardhi havikuwa vyeusi. Vilikuwa vya kijivu, vinateleza, vina harufu ya matumbo ya samaki. Na matundu yalikuwa yanang'aa. Aliinama kwenye tundu moja akaona maji yakipanda kutoka chini, taratibu, mpaka yakasimama sawa na uso wa ardhi. Akaangalia la pili. Akaangalia la mbali. Mstari wote aliotoboa ulikuwa mstari wa vijicho vya maji. Kumbe ziwa halikuwa limeondoka. Lilikuwa limeshuka chini ya ganda tu, na yeye alikuwa amelifungulia madirisha.

Aliendelea kutoboa. Hakujua kwa nini. Alipiga mstari wa pili, na wa tatu, akihamia juu zaidi, mpaka magurudumu yakaanza kuzama na Okinyi akaja na buti zake za mpira akagusa bega lake. Zadock alizima injini.

“Mzee Zadock,” Okinyi alisema, “wacha tu.”

“Labda ile upande ya barabara, Bwana Katibu.”

“Ni ile ile. Hii nyasi hata ukipanda itaoza. Wewe ndiye ulinifundisha hivyo.”

 Walivuta mashine kwa kamba mpaka sehemu ngumu. Okinyi alisafisha viatu vyake kwenye ngazi, akaondoka.

Hapo mtu mwingine angeondoka naye. Zadock aliona kwamba meno yamejaa tope baya, na tope la ziwa likikaukia ndani ya chuma linakila kuliko tope la kawaida. Akabaki. Alikwangua jino baada ya jino kama zamani, ila sasa hakuwa na Wakhungu upande wa pili, na kazi ya watu wawili ilimchukua mara mbili ya muda. Alimwaga petroli. Alibadilisha oili. Alipotaka kusafiri akaona cheni imelegea, akasema ataikaza kwanza. Moyoni alijua anachokwepa. Aliogopa kukaa kwenye kiti cha nyumba yake Asembo bila kazi yoyote ya kusubiri.

Masika yalimkuta hapo. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha pande zote za ziwa, na asubuhi jirani wa Asembo akapiga simu kusema ukuta umeanguka na paa limeufuata. Dorca alikuwa hai. Alikuwa ameamka kusogeza kitanda mbali na palipovuja, tofali la udongo likamwangukia mguuni. Walimtoa wakampeleka zahanati.

Zadock alifika Asembo mchana. Alikuta mabati yamejikunja juu ya rundo la udongo na kuku wakipekua ndani yake. Zahanati wakamwambia mama yule alifungwa mguu, akaja dada yake na gari la kukodi, wakaenda Port Victoria. Alipiga simu. Dorca alipokea, akamweleza yote kwa utulivu: mguu umevunjika karibu na kifundo, dada yake amempa chumba, hana haja ya kitu. Zadock akasema anakuja. Dorca akamwambia asije kwanza. Hakusema mpaka lini, na safari hii Zadock aliuliza, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Alirudi klabuni kwa kuwa hakuwa na kwingine penye paa.

Miezi ikapita, na kamati ikaamua kukiacha kiwanja. Okinyi alimwita akamwambia kwa upole, kama anayetoa habari za msiba. Jengo litavunjwa kwa ajili ya mawe na mbao, vifaa vitauzwa. Alisema wamekwisha kutembeza picha za vitu na hakuna anayevitaka. Mashine za kukata zimeoza, rola ya kushindilia ardhi imeshika kutu mpaka haizunguki. Ni kimoja tu kilichopata mteja.

Mteja alikuja na pikapu. Jina lake Walter Okello, mfanyabiashara wa Usenge, mnene, mcheshi, anayesaga omena kuwa chakula cha kuku. Injini ya mashine yake ya kusaga ilikuwa imekufa. Alizunguka Nungu mara moja, akapiga pipa teke la kirafiki, akasema kuona si kusikia, iwashwe. Okinyi akamtazama Zadock.

Zadock alijua kwamba angeweza kusahau kuunganisha waya wa plagi. Angeweza kuvuta kamba kwa uvivu, akatikisa kichwa, na yule mtu angeenda zake. Hata mkono wake ulisita juu ya waya. Lakini miaka yote ile alikuwa ameivuta ile kamba ili injini iwake siku itakapotakiwa kuwaka, na mkono haukujua kufanya vingine. Akaunganisha waya, akatia petroli, akavuta kamba. Ikawaka mara moja, ikatulia, ikanguruma laini kama mpya.

“Aa, hii imetunzwa,” Walter alisema akimgeukia Okinyi. “Ingekuwa na kutu ningeenda tu. Nachukua injini peke yake. Hiyo mambo ingine ya meno sina kazi nayo.”

Ndivyo Zadock alivyotambua alichokuwa akikifanya muda wote. Zile mashine zilizotupwa zingebaki pale pale, nzima katika kutu yao, hakuna wa kuzisumbua. Hii aliyoipaka mafuta na kuifukuzia panya ndiyo iliyofaa kuchinjwa. Walimpa spana kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua nati zake, na zilifunguka bila shida, maana alikuwa amezipaka girisi. Aliitoa cheni. Akatoa bolti nne za chini, akaisaidia injini kupanda pikapu. Alimweleza Walter juu ya oili, kwamba aipime kila asubuhi kabla ya kuiwasha, na chujio lisafishwe sana kwa sababu vumbi la omena ni baya. Walter alisema usijali, Mzee, na alikuwa anafunga kamba wakati akisema.

Pipa lenye meno lilibaki verandani. Baadaye wauza vyuma chakavu walilichukua pamoja na mageti.

Zadock alienda Port Victoria. Alimkuta Dorca ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya dada yake akichambua dagaa, mguu ameunyoosha mbele. Alinyanyuka kumsalimia, na Zadock akaona jinsi anavyokanyaga kwa ubavu wa unyayo. Dorca alimletea kiti, akamletea maji ya kunawa, akampa ugali na samaki, akamuuliza habari za safari. Alifanya yote hayo kama afanyavyo mwanamke aliyelelewa vizuri akipata mgeni. Zadock alikula. Alimweleza habari za injini, na Dorca akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

“Mimi nimezoea hapa,” alisema baadaye. “Sina hasira. Ilikuwa hapo nikilala kwa zahanati, nikatafuta hasira sikuipata. Nikajua basi, yetu imeisha.”

“Nitajenga ile nyumba. Nitajenga mpya.”

“Jenga, Baba Rachael. Ni ya baba yako. Lakini usijenge ukisema unanijengea mimi.”

Akamsindikiza hadi njiani, akichechemea, kwa sababu mgeni husindikizwa. Hapo wakaagana.

Alirudi Asembo, akachomoa mabati kwenye rundo, akachagua yasiyotoboka, akasimamisha kibanda cha mtu mmoja pembeni mwa pale nyumba ilipokuwa. Kilivuja upande mmoja. Ardhi ya boma ni ya mawe, haioti nyasi za maana. Alipata vibarua vya kuanika omena kwa watu, na majirani walimheshimu, wakamwita Jaduong', kama wanavyoitwa wazee wa huko, lakini hawakuwa na sababu ya kukaa naye sana.

Kabla mwaka haujaisha Walter Okello alimpigia kutoka Usenge. Ilimchukua muda Zadock kutambua sauti, maana ule ucheshi ulikuwa umetoka. Walter alisema injini ilipiga kelele kama ya chuma kinachokatwa, ikasimama, na kamba haivutiki tena. Vijana wake walikuwa wanaiwasha tangu alfajiri mpaka jioni, na oili, kusema kweli, hakumbuki ni lini iliangaliwa. Akaomba Mzee aje aitazame, atamtumia nauli.

Zadock alimuuliza kama walijaribu kuizungusha kwa mkono. Walter akasema imekwama kama jiwe.

“Basi hakuna ya kutazama,” Zadock alisema. “Hiyo uza kwa kilo, kama chuma chakavu.”

Walter alimshukuru, akakata. Wingu lilikuwa linakusanyika juu ya ziwa. Zadock aliingia kibandani, akakokota godoro mpaka upande usiovuja, akaketi juu yake kungoja mvua.